Tairi Alizokaza Sheikhan

Bi Nadira wa Frere Town alikuwa mpishi wa harusi, na jiko lake lilikuwa na magurudumu. Lilikuwa karavani ya zamani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa nyuma ya gari, ambayo mumewe Sheikhan aliinunua kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akihama Diani. Nia ya Sheikhan ilikuwa kutembea. Alikuwa fundi wa umeme bandarini, na miaka yote alimwahidi mkewe kwamba akipata likizo ya maana watazunguka pwani nzima, walale popote usiku utakapowakuta. Walilala mara moja tu, Watamu, mbu wakawala mpaka alfajiri. Asubuhi Nadira akakaanga mahamri kwenye jiko dogo la gesi huku akijicheka, na watu waliokuwa wakipita ufukweni wakaja kuuliza kama yanauzwa. Kazi ikaanzia hapo.

Sheikhan aling'oa vitanda, akatia meko, rafu za masufuria na tangi la maji upande wa kushoto. Ubavuni akaandika kwa rangi ya kijani: Jiko la Bi Nadira. Wakapika Likoni, wakapika Kaloleni, wakapika Msambweni. Bibi harusi wengi wa upande wa Kisauni na Changamwe waliozeshwa kwa pilau ya Nadira.

Lakini jambo lililomshughulisha Sheikhan kuliko yote lilikuwa tairi. Karavani ilikuwa na tairi mbili tu, moja kila upande, na yeye alikuwa akizikagua kama mtu anayekagua miguu ya mtoto aliyetoka kucheza. Alimfundisha Nadira kupitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, asikilize kwa ngozi. Ikiwa imelika katikati, upepo umezidi. Ikiwa imelika kingo zote mbili, upepo haba. Ikiwa imelika upande wa ndani peke yake, basi uzito umezidi na ule mtaimbo unaoshika magurudumu, yaani ekseli, umeanza kupinda. Kwa hiyo tangi halikujazwa maji mpaka wafike kwenye harusi, na makaa na magunia ya mchele yalisafiri kwenye pikapu, si ndani ya karavani. Na karavani ikikaa, aliipandisha juu ya matofali na kuzifunika tairi kwa magunia, maana alisema jua na kusimama mahali pamoja huzizeesha hata kama hazijatembea.

Wiki moja kabla ya kufa alinunua tairi mpya. Nadira alimshikia tochi, kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia, na Sheikhan akakaza nati moja baada ya nyingine, akisimama kila mara kushika kifua. "Mpira huu utatufikisha mbali," alisema. Nadira akamwambia aache, Waleed atamaliza kesho. Hakuacha. Alianguka akitoka kuswali Ijumaa, wiki iliyofuata.

Waleed alikuwa ndugu yake Nadira, kitinda mimba. Mama yao alifariki Waleed akiwa bado anatambaa, na Nadira, msichana ambaye hajavunja ungo, ndiye aliyemlea. Hata mke wa Waleed ni Nadira aliyempa. Nusaiba aliingia kwenye jiko lile akiwa binti wa kumenya vitunguu saumu, mkono wake ukawa mwepesi, akili yake ikawa nyepesi zaidi, na Nadira akamfundisha yote. Alipoona Waleed haachi kupitapita pale jikoni bila kazi, akaenda kuposa mwenyewe.

Basi Nadira alipokaa eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kutotoka nyumbani, hakuwa na wasiwasi. Karavani ilikuwa uani kwa Waleed, Utange, kwa sababu nyumba ya Frere Town haikuwa na nafasi. Funguo za karavani na za pikapu ya Sheikhan alimkabidhi yeye. Alimwambia, "Ipandishe juu ya matofali kama alivyokuwa akifanya shemeji yako. Nikitoka, tutaanza upya."

"Inshallah, dada. Wewe jitulize."

Kila Jumapili mtu na mkewe walikuja kumtazama, na Nusaiba hakuja mikono mitupu. Alileta sahani iliyofunikwa, pilau au biriani, na Nadira, aliyekuwa hana hamu ya chakula, alikula kidogo kidogo. Siku moja alisema, "Wifi yangu, umeushika mkono wangu hasa. Ningeletewa hii kwingine ningeapa nimeipika mimi." Nusaiba akainamisha macho. Nadira akadhani ni haya.

Eda ikaisha. Asubuhi ya pili yake Nadira alivaa buibui lake, akaenda Utange. Nusaiba alikuwa amemwambia kwamba kuna harusi Chaani, Jumamosi, kwa mama mmoja aitwaye Nyamvula, na Nadira alifurahi kwamba wateja hawajamsahau.

Karavani haikuwa juu ya matofali. Ilisimama chini, juani, tairi zake bila magunia.

"Nimeishusha jana," Waleed alisema. "Naitayarisha."

Nadira akainama upande wa kushoto, akapitisha kiganja. Nje, meno ya tairi yalikuwa bado marefu. Mkono ulipofika ndani ukateleza. Palikuwa laini kama kitako cha sufuria, kipara kitupu, na mahali fulani uzi wa ndani ulianza kuchungulia. Akazunguka upande wa kulia. Nako kumelika, ila si sana.

"Waleed, tairi hizi ni mpya. Mbona zimeisha ndani?"

"Jua, dada. Si shemeji mwenyewe alikuwa akisema tairi ya karavani huuawa na kukaa? Imekaa muda wote huu."

Hayo yalikuwa maneno ya Sheikhan kweli, na kuyasikia kwenye kinywa cha nduguye kulimtia Nadira machozi, akashindwa kuuliza zaidi. Alijua kwamba tairi iliyochomwa na jua hupasuka nyufa ubavuni, haiwi kipara upande mmoja. Alijua vizuri. Lakini aliyekuwa akimwambia ni Waleed.

"Tutie ya akiba kushoto, basi."

"Ya akiba haina upepo. Hii itatufikisha Chaani, dada. Harusi ikiisha nitashughulika nayo."

Jumamosi wakatoka mapema. Waleed alishika usukani wa pikapu, Nadira katikati, Nusaiba mlangoni. Hawakufika hata barabara kubwa ya Malindi. Pale Utange njia inapoteremka kulisikika mshindo, pikapu ikavutwa kando kama imeshikwa mkia, na nyuma yao vyuma vikaanza kulia juu ya lami. Waleed alipigana na usukani mpaka wakasimama, karavani imelala ubavu wa kushoto, imeegemea ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeumia. Lakini mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka, masufuria yametawanyika barabarani, na samli ilikuwa ikitiririka taratibu kwenye vumbi.

Nadira akashuka, akaanza kuokota. Nusaiba alimpita mbio, akachukua kitu kirefu kilichobingirika kutoka uvunguni mwa rafu, akataka kukirudisha ndani.

"Ni nini hicho?"

"Turubai tu, wifi."

"Nipe."

Lilikuwa bango la plastiki, limekunjwa, lenye matundu ya kamba kwenye pembe. Nadira akalikunjua juu ya boneti ya pikapu. Harusi na Nusaiba, liliandikwa, kwa maua ya dhahabu, na chini yake nambari ya simu ya Waleed. Upana wake ulitosha kabisa kufunika maandishi ya kijani ya Sheikhan. Na bango lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limepauka.

Kabla hajasema neno, Garama akafika. Huyu alikuwa fundi wa pancha, kibanda chake kiko pale pale kwenye mteremko, na alikuja akiburura jeki bila kuitwa. Akachutama, akachungulia chini ya karavani, akatikisa kichwa.

"Waleed, si nilikwambia? Chuma hiki kimepinda. Nilikwambia mlipotoka kwenye ile harusi ya Likoni, nikakwambia tena mlipotoka Mtwapa. Tangi limejaa, jenereta iko upande huo huo, makaa juu yake. Tairi gani itasimama wima hapo?"

"Garama, fanya kazi," Waleed alisema kwa sauti ndogo.

"Harusi gani ya Likoni?" Nadira aliuliza.

Garama akamtazama, akamtazama Waleed, kisha akajua amesema lililokuwa halitakiwi. Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mama, nisamehe. Nilidhani wajua. Karavani hii hupita hapa kila mwisho wa wiki. Tangu mvua zile za mwanzo haijapumzika."

"Nilikuwa eda," Nadira alisema, kana kwamba Garama alikuwa amemuuliza.

Gari zilipita zikipunguza mwendo, watu wakichungulia madirishani. Nadira alikuwa amesimama na mfuniko wa sufuria mkononi, na alichohisi kwanza hakikuwa hasira. Ilikuwa haya, haya ya mtu aliyegundua kwamba alikuwa akizungumzwa chumba cha pili na kila mtu anasikia isipokuwa yeye. Akawaza watu wote waliokuja kumpa pole, wanawake wa Likoni, wanawake wa Mtwapa, waliomshika mikono na kumwambia apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha. Alidhani wanamfariji.

"Dada, nitakueleza," Waleed alisema.

"Utanieleza. Lakini kuna watu Chaani wamealika wageni."

Akampigia simu Kioko, jirani yake wa Frere Town, dereva wa malori aliyekuwa rafiki wa Sheikhan, mwenye pikapu yake mwenyewe. Kioko akaja, wakapakia meko, masufuria na mchele, na karavani wakaiacha pale kwa Garama. Nadira alipanda gari la Kioko. Waleed na Nusaiba wakafuata nyuma.

Kwa Nyamvula, Chaani, turubai zilikuwa zimeshafungwa uani na ng'ombe ameshachinjwa. Mwenye harusi alikuja mbio na khanga kiunoni.

"Nusaiba, mwanangu, nilianza kutetemeka!" Kisha akamwona Nadira, akasimama. "Bi Nadira! Shikamoo. Wewe nawe umekuja? Tuliambiwa umestaafu. Tuliambiwa jina umemwachia wifi yako kwa radhi zako, kwa sababu baada ya marehemu huna tena moyo wa kazi."

"Marahaba. Nani alikuambia?"

Nyamvula akageuka kumtafuta Nusaiba, na Nusaiba alikuwa ameinama kwenye sufuria, anapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nadira angeweza kuondoka. Kioko alikuwa bado hajazima gari, na alimtazama kama mtu anayengoja neno moja tu. Lakini bibi harusi alichungulia dirishani, hina bado mbichi mikononi, uso umemjaa wasiwasi wa chakula, na Nadira hakuweza kumfanyia hilo. Akavua buibui, akajifunga leso, akaanza kupika.

Walipika pamoja mpaka mchana, yeye na yule mwanafunzi wake, na mikono yao ilijuana mno. Nadira akinyoosha mkono, iliki ilikuwa imeshatwangwa. Akigeuka, Nusaiba alikuwa ameshapunguza moto. Hawakuambizana neno lisilohusu chakula. Wageni walikula wakaramba vidole, na wakati wa kushukuru Nyamvula, kwa kutojua afanye nini, alishika kipaza sauti akasema, "Tumshukuru mpishi wetu Nusaiba, na mama yetu Bi Nadira aliyekuja kumsaidia." Wanawake wakapiga vigelegele. Nadira alikuwa nyuma ya turubai, anakwangua ukoko. Aliendelea kukwangua.

Alasiri, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Waleed alikuja akachutama mbele yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu. Nusaiba alisimama nyuma yake.

"Dada, wateja walikuwa wanapiga simu. Tungewaacha waende kwa wengine, jina lingekufa."

"Jina gani? Hilo mlilolifunika kwa bango?"

Nusaiba ndiye aliyejibu, na sauti yake haikutetemeka.

"Wifi, nambie wewe. Miaka yote nimepika, na watu wakisifu wanasema Nadira. Ukaingia eda, watu wanataka chakula, wewe huruhusiwi kutoka. Nikasema, sasa nami wanione. Kosa langu ni kutaka kuonekana?"

"Kutoka ndiko nilikokatazwa. Kuulizwa sikukatazwa." Nadira alikuwa akisema polepole, anachagua. "Ungenambia, Nusaiba, nataka jina langu, ningekupa na sufuria juu yake. Mlisema nimestaafu. Nilikuwa ndani, sikuwa kaburini. Aliyezikwa ni Sheikhan, nanyi mkanitia naye."

"Tulitaka kukwambia, wallahi," Waleed alisema. "Kila Jumapili tulikuja na nia ya kukwambia."

"Na kila Jumapili mkaja na sahani."

Hapo ndipo Nusaiba alipoinamisha macho, vilevile alivyoinamisha siku ile aliposifiwa, na Nadira akaelewa chakula kile kilikuwa kinatoka wapi. Alikuwa amelishwa mabaki ya harusi zilizopikwa kwenye karavani yake, kwa viungo vyake, juu ya tairi za mumewe, naye akasifu na kuomba dua. 

Alinyoosha mkono. "Funguo. Zote."

Waleed akazitoa. Alikuwa analia, mtu mzima mwenye ndevu, na Nadira aliona kwamba alikuwa akilia kweli, wala hilo halikumsaidia.

"Mnajua kinachoniumiza?" aliuliza. "Si kazi. Niliinama pale kwenye tairi, nikakuuliza, ukanijibu kwa maneno ya marehemu. Uliyatafuta, ukayakumbuka, ukanipa. Ulijua nitayaamini."

Wazee wa ukoo walikaa vikao. Ami yao mmoja alisema damu ni damu, na kijana ameshatubu. Nadira alisikiliza, akawapa kahawa, akawasindikiza mpaka mlangoni. Garama alitia ekseli nyingine. Tairi ya kulia alisema ingefaa bado kwa safari fupi, lakini Nadira akakataa, akatia mpya zote mbili, na hakutaka kuona zile za zamani zimekwenda wapi. Karavani sasa hukaa uani kwa Kioko, na Kioko ndiye anayeivuta.

Nusaiba alinunua meko yake, akaendelea. Anapika vizuri, na nusu ya wateja walikwenda naye, wengine kwa sababu walizoea nambari ile ya simu, wengine kwa sababu wanaona haya kukutana na macho ya Nadira. Nadira hakuwasema. Alianza tena kwa shughuli ndogo ndogo, hitima na maulidi, na majirani wa Frere Town.

Siku ya Idi Waleed alikuja peke yake. Akabisha hodi, akaamkia, Nadira akaitikia na kumpa kiti. Akamwekea chakula. Waleed alikula kidogo, kisha akaweka kijiko.

"Dada, umenisamehe?"

"Mungu akusamehe. Mimi sijafika hapo."

"Utafika?"

"Sijui, Waleed. Nakuombea, nikiamka alfajiri. Jina lako ndilo la kwanza kutoka. Lakini nikikuona nasikia ule mlango wa karavani ukifunguka barabarani. Kula, chakula kinapoa."

Akala. Akaondoka. Nadira alimtazama mpaka alipopinda kona ya msikiti, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa baba yao kabisa.

Kioko hajamkosea Nadira hata siku moja. Huja kwa saa aliyosema, huendesha polepole, na makaa huyapakia kwenye pikapu bila kukumbushwa. Hata hivyo kila asubuhi ya kazi, kabla ya kutoka uani, Nadira humwambia afungue karavani, rafu zote, mpaka uvunguni, kisha hutazama mwenyewe. Anajua hakuna kitu. Anajua pia kwamba mtu mwema hastahili kutazamwa hivyo, na kila mara hujiambia kwamba leo ataacha, ataingia garini tu, waende. Kioko hufungua rafu moja baada ya nyingine, kisha husogea kando na kutazama upande wa barabara, ili Nadira amalize kukagua bila kuona haya.